Video ya Arusi Inapoharibika Mahali pa Mpito

Mambo huwa hivi. Arusi imekwisha, viti vimerudishwa kwa wenyewe, na jamaa wa bwana arusi huko Giteranyi, kaskazini-mashariki mwa Burundi, wameketi kutazama video waliyoingoja kwa majuma kadhaa. Wazee wasemaji waonekana barabara wakijibizana habari za ng'ombe wa mahari. Hata mikunjo ya nguo zao yahesabika. Lakini picha ya wazee inapoanza kufifia ili ya bibi arusi ishike mahali pake, uso wa bibi arusi wageuka vipande vya mraba, kama sakafu ya vigae, na hubaki hivyo mpaka mpito umalizike. Lawama humwangukia aliyeshika kamera. Mara nyingi hana hatia: picha alizopiga ni safi, na kilichoziharibu ni namna faili la mwisho lilivyotolewa katika kompyuta.

Picha moja ya video ya ubora wa juu ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili. Zikipita picha 25 kila sekunde bila kubanwa, zingeijaza flashi ya gigabaiti 16 kabla ya dakika mbili kwisha. Kwa hiyo programu huzibana kwa hila: ukuta na mkeka vilivyotulia huandikwa mara moja tu, na baada ya hapo huelezwa kile kilichosogea. Katika mpito hila hiyo hushindwa. Hakuna kilichotulia, wala kilichosogea tu. Mandhari mbili zachanganyika kama maziwa katika chai, na kila pikseli yabadilika katika kila picha. Ikiwa programu imepangiwa kiasi kilekile cha data kwa kila sekunde, hulazimika kutupa mengi, na hapo ndipo miraba huzuka. Mpito unaotoka kwa wapiga ngoma wanaoruka huwa mbaya kuliko yote. Na msanifu wa video, kwa bahati mbaya, huweka mipito yake palepale ambapo macho ya jamaa yataganda: bibi arusi anapoingia, bibi mzaa mama anapombariki.

Dawa yenyewe ni kuiruhusu programu itumie data nyingi mahali penye shida na chache mahali patulivu. Katika kompyuta mpango huo huandikwa VBR, na ulio bora hupitia video mara mbili: mara ya kwanza kupima, mara ya pili kuandika. Wastani wa megabiti 10 kwa sekunde, na kilele cha 20, huwatosha wengi. Kazi itachukua karibu mara mbili ya muda, jambo ambalo si dogo mahali ambapo umeme hukatika. Aidha, saa moja ya arusi itafika gigabaiti 4.5, na flashi ya mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Heri kuligawa faili sehemu mbili kuliko kulibana zaidi.

Wakati mwingine kasoro si miraba bali mistari kama meno ya kitana. Kamera nyingi za AVCHD, mtindo uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hurekodi nusu ya mistari ya picha kwanza na nusu nyingine baadaye. Video itakayotazamwa kwenye simu yapasa kuunganishwa mistari hiyo kwanza. Picha zikirukaruka, huenda za kamera zilikuwa 25 kwa sekunde na za simu ya shemeji 30.

Ipo pia njia isiyogharimu chochote, nayo ni kupunguza mipito. Mioyo inayozunguka na kurasa zinazojikunja hazijapata kuipendezesha arusi yoyote. Mkato mnyoofu hauchakai.

Lakini marekebisho haya yote yataka picha za asili ziwepo. Faili lililobanwa vibaya halirudishiki, kwa maana kilichotupwa hakimo tena ndani yake, na mpiga picha mwenye kadi moja huifuta kwa ajili ya arusi ya Jumamosi ijayo. Bibi aliyebariki siku ile pengine hatakuwapo arusi nyingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumaliza malipo, familia yafaa iombe sekunde 20 za majaribio zenye mpito ulio mgumu kuliko yote, izitazame kwenye televisheni ya nyumbani, kisha inakili picha za asili mahali pengine. Nao ndugu walioko ng'ambo ya mpaka, Ngara au mbali zaidi, watumiwe faili kwa WhatsApp kama hati, si kama video, kwani likienda kama video litabanwa upya njiani.