Njia ya Udaktari Huanzia Kidato cha Pili: Tuwasaidie Vijana Wetu Kupanga Masomo ya Sayansi Mapema

Ukiwauliza watoto wa shule zetu, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kaole, Msata na Saadani, wangependa kuwa nani, hutakosa wanaojibu: daktari. Ni jibu jema, maana watu wetu wanahitaji wa kuwatibu. Hata hivyo, wengi wa watoto hao hupoteza nafasi hiyo miaka mingi kabla ya kuomba chuo. Sababu si ukosefu wa akili, bali ni kwamba hakuna aliyewaeleza mapema milango ilipo na lini hufungwa.

Katika Injili ya Luka tunasoma habari ya mtu atakaye kujenga mnara: yampasa kwanza aketi na kuhesabu gharama. Nasi tuketi, tuhesabu.

Huko Marekani, kwa kawaida mwanafunzi husoma kwanza shahada nyingine, na hufanya mtihani maalumu uitwao MCAT ili kuomba chuo cha udaktari. Hapa Tanzania, mlango mkuu ni mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita katika tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo maandalizi ya kuingia udaktari ni masomo yenyewe ya kila siku, na hayana njia ya mkato.

Mlango wa kwanza uko mwishoni mwa Kidato cha Pili. Kwa utaratibu uliozoeleka katika shule nyingi, mwanafunzi aingiapo Kidato cha Tatu huamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuyaacha. Mtoto wa miaka 15 huyaacha kwa sababu ndogo sana: rafiki zake wameyaacha, au mwalimu wa Fizikia amehama. Mzazi huja kupata habari wakati fomu za mtihani wa Kidato cha Nne zimekwisha kujazwa. Tunawasihi wazazi: mwaka ule, nendeni shuleni, mkae na mwalimu wa taaluma, mwulize mtoto anaacha nini na anafunga mlango upi.

Mlango wa pili ni matokeo ya Kidato cha Nne. Ili kuendelea na Kidato cha Tano, kijana anahitaji ufaulu wa C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na anayelenga PCB aelekeze nguvu zake hasa katika yale matatu ya tahasusi yake. Hisabati nayo isidharauliwe. Mwanafunzi wa PCB husoma pia Hisabati Tumizi, na asiyejua logarithimu atakwama anapokokotoa kiwango cha asidi katika Kemia.

Mlango wa tatu ni chuo chenyewe, na hapa hesabu huwashangaza wengi. Katika udahili, alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa Shahada ya Udaktari wa Binadamu ni jumla ya pointi 6, na walau D katika kila somo kati ya hayo matatu. Tutazame vijana wawili. Wa kwanza ana A ya Baiolojia, A ya Kemia na E ya Fizikia: jumla pointi 11. Wa pili ana D tatu: jumla pointi 6. Wa pili ana sifa ya kuomba. Wa kwanza hana. Somo moja lililoachwa nyuma limeangusha mengine mawili. Hata hivyo, D tatu ni sifa ya kuomba tu na si ahadi ya nafasi, kwa kuwa vyuo vinaweza kudai zaidi, na waombaji wakizidi nafasi, wenye alama za juu hutangulizwa.

Je, kijana apangeje muda wake? Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai. Miezi hiyo 7 isipotee yote kijiweni. Arudie dhana ya moli, milinganyo ya kemikali, na sehemu za Hisabati zilizomsumbua. Kwa kuwa masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, awe na daftari la istilahi, aandike kila neno jipya na maana yake kwa Kiswahili.

Tangu Kidato cha Tano kuanza hadi mtihani wa mwezi Mei ni miezi 22 hivi, likizo zikiwamo. Mwaka wa kwanza ndio unaoamua, kwa sababu mada za mwaka wa pili hujengwa juu yake. Kila juma somo lililo dhaifu lipewe saa nyingi kuliko lile linalopendwa, ingawa moyo huvutwa upande mwingine. Mazoezi ya maabara yasisubiri siku za mwisho: kila somo kati ya hayo matatu lina karatasi ya vitendo, na mkono haujifunzi kutumia bureti kwa kusoma daftari.

Na aliyekosa mlango huu asikate tamaa. Mwenye Stashahada ya Utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba udaktari, mradi katika Kidato cha Nne alipata walau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Ni njia ndefu zaidi, lakini humfikisha chuoni akiwa amekwisha kuwahudumia wagonjwa. Mnaona pia kwamba hata njia hii humrudisha kijana kwenye uamuzi ule wa Kidato cha Pili.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha shule, karakana na mashamba kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Walijua kwamba aliyefunguliwa mnyororo bado anahitaji kufunzwa ili asimame. Nasi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, wamo walimu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo. Jioni moja kwa mwezi ya kuketi na watoto wa Kidato cha Pili na kuwaeleza milango hii haitugharimu fedha. Kwa mtoto mmoja wa mvuvi, jioni hiyo yaweza kuwa ndiyo iliyomwezesha kuwa tabibu.