Matembele ya Agosti

Bili ya maji ya Agosti mwaka jana ilinikuta jikoni nakuna nazi. Uniti 47. Nikajifuta mikono kwa upindo wa kanga na kuusoma tena ule ujumbe wa simu. Nyumba yangu ya Kimara, Dar es Salaam, ina wapangaji watatu pamoja na familia yangu, na mwezi wa kawaida sote tunatumia uniti 26, tukizidisha sana 28. Mita ni moja, bili tunachangiana kwa idadi ya vichwa.

Jioni nikaitisha kikao kibarazani. Nayasema haya kwa uchungu. Nilimtazama mpangaji wa chumba cha uani, mama wa watoto wanne, nikamwambia mbele ya wenzake, "Dada yangu, kufua kwa kila siku kunatuumiza." Hakujibu. Aliinamisha kichwa, na kesho yake nikamwona na beseni kichwani, anakwenda kufulia kwa jirani.

Mwenye kuishi nyumba ya mita moja anaijua hali hii. Bili ikipanda, anatafutwa mtu. Tundu halimjii mtu akilini.

Nimefundisha hisabati shule ya msingi miaka 31, na usiku ule, usingizi uliponikataa, nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo. Uniti moja ni lita 1,000. Ziada ya uniti 21 ni lita 21,000, sawa na ndoo 1,050 za lita 20. Gawanya kwa siku 30, unapata ndoo 35 kila siku ya Mungu. Mwanamke mmoja afue ndoo 35 za ziada, Jumatatu mpaka Jumapili, na kamba ya nguo iwe ile ile? Nilijilaza nikitazama dari na aibu yangu.

Asubuhi nikamwita mzee mmoja fundi bomba ambaye watu wa mtaani kwetu wanamwamini. Nilidhani atakuja na sururu. Alikuja na bisibisi, kipande chembamba cha nondo na daftari. "Mwalimu," akaniambia, "ukianza na sururu utalima uwanja wote. Maji yanayovuja yanatafutwa kwa kufunga, siyo kwa kuchimba."

Alianza kwa kunifundisha kuisoma mita, kazi ambayo miaka yote niliwaachia wasoma mita. Kwenye mita kama yangu tarakimu nyeusi ni uniti kamili, nyekundu ni lita. Pembeni kuna kigurudumu kidogo chenye pembe kama nyota. Hicho ndicho cha kukodolea macho, maana huzunguka hata kwa maji membamba kama uzi. Ukishafunga kila bomba na nyota bado inazunguka, kuna mahali maji yanakwenda.

Ila nyumba zetu zina matangi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Unafunga mabomba ya jikoni na bafuni, unaona nyota inazunguka, unaanza kulia na mita mbovu, kumbe simtanki linajaa. Ni lazima ufunge pia koki inayoingiza maji kwenye tangi. Tena usipime wakati maji ndiyo kwanza yanarudi baada ya kukatika, kwa kuwa hewa iliyokaa ndani ya bomba hutangulia, nayo inaweza kuizungusha mita. Acha maji yatulie kwanza.

Siku hizo kwetu maji yalikuwa hayakatiki, kwa hiyo hatukungoja. Saa 5 usiku, watu wakiwa wameshaoga na vyombo vimeoshwa, tukafunga kila kitu. Niliandika tarakimu kwa chaki kwenye ukuta, juu ya mita. Kwenye mwanga wa tochi ya simu nyota ilikuwa inazunguka polepole, na mwili ukanisisimka. Saa 11 alfajiri nikasoma tena: lita 132 zimepita watu wamelala. Huo ni muda wa saa sita, kwa hiyo lita 22 kila saa, lita 528 kwa siku, karibu uniti 16 kwa mwezi. Lakini ziada yangu ilikuwa 21. Uniti tano zilikuwa na njia yake nyingine.

"Una matundu mawili," mzee akasema. "Moja kabla ya tangi, jingine baada ya tangi."

Tukaanza na la kwanza. Tulifunga koki iliyo karibu na mita, nyota ikasimama. Tukaifungua hiyo na kuiacha ya tangini imefungwa, nyota ikazunguka. Tundu lilikuwa kati ya koki hizo mbili, kwenye hatua kama 30 za bomba la plastiki lililozikwa tangu nyumba ilipojengwa. Kwa kufunga na kufungua koki mbili, bila kugusa jembe, nyumba nzima ilikuwa imepunguzwa ikabaki mstari mmoja uwanjani. Mimi nilifurahi kama mtoto aliyepata jibu ubaoni.

Lingekuwa bomba la chuma, mzee angelisikiliza. Huweka ncha moja ya nondo juu ya bomba na nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, usiku mitaa ikiwa kimya, na anasema mvujo hulia kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kadiri unavyousogelea, unazidi. Plastiki inaimeza sauti. Alijaribu, akatikisa kichwa, akavua viatu. Alitembea peku juu ya njia ya bomba, taratibu, akiitafuta baridi ya ardhi kwa nyayo. Kisha akasimama karibu na ukuta wa chini.

"Haya matembele nani anayamwagilia?"

Hakuna. Ilikuwa Agosti, vumbi la Kimara limepanda mpaka kwenye mapazia. Mchicha wangu wa upande wa pili ulikuwa umenyong'onyea. Matembele ya ukutani yalikuwa na majani mapana kama kiganja, na chini yake konokono. Nilikuwa nimeyachuma mwezi mzima, nikawagawia majirani, nikausifia udongo. Alama ilikuwa mezani kwangu kila siku na ugali, nami nikaila.

Nikaenda kuchukua jembe. Mzee akanizuia. Kimara ni mteremko, na maji yaliyo chini ya ardhi hupenda kufuata mtaro uliochimbwa kulaza bomba, kwa sababu udongo wa kufukia huwa haujashindiliwa kama udongo wa kando. Hutembea humo mpaka yazuiwe na kitu, kwangu ulikuwa msingi wa ukuta, ndipo yapande juu. Aliye chini ya mteremko huyaona maji ya tundu lililo juu. Akaanza kupanda, akichoma nondo pembeni mwa njia ya bomba, siyo juu yake asije akalitoboa, na kila akiichomoa anaitazama ncha. Tope. Tope. Tope. Kavu. Akarudi nyuma hatua moja akachimba hapo.

Kina kilikuwa cha mkono mpaka kiwiko. Tuliikuta elbo imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umeoza, maji yanapumua chini yake. Nikaikumbuka. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji na jiji likaingia kwenye mgao, siku moja maji yalirudi kwa kishindo, kiungo hicho kikaachia. Kijana mmoja akanifungia mpira, akasema ni wa muda. Nikamlipa, tukafukia, nikasahau.

Mpira wa tyubu unafaa kwa usiku mmoja tu, mpaka duka la vifaa lifunguliwe. Mzee alikata kipande kile chote, akavifuta vichwa vya bomba mpaka vikakauka, akapaka gundi ya PVC pande zote mbili, akasukuma na kushikilia, kisha tukaacha saa kadhaa kabla ya kufungulia maji. Hatukufukia mpaka tulipotazama kiungo kikiwa na maji na kikavu kwa nje. Chini na juu ya bomba tukaweka mchanga, maana jiwe lenye ncha likikaa chini ya plastiki hulisaga kidogo kidogo, na shimo likaongezwa kina kwa sababu bajaji hupita hapo.

Lililonikosesha raha siku hiyo halikuwa bili. Hatua tatu kutoka kwenye ile elbo ipo chemba ya majitaka. Bomba likiwa na maji yenye nguvu, tundu hutema. Maji yakikatika, bomba lililobaki tupu huweza kuvuta, na linachovuta ni kile kilicholizunguka udongoni. Katika jiji la mgao hilo ndilo jambo la kuogopa, maana kipindupindu na homa ya matumbo huja kwa njia za namna hiyo. Tulilisafisha tangi kwa dawa ya klorini siku ile ile, na watoto wote wa nyumba ile wakanywa maji yaliyochemshwa.

Tundu la pili lilikuwa jepesi, na nadhani ndilo lililo kwenye nyumba nyingi zaidi. Usiku tulifunga koki ya kuingizia maji tangini, tukatumbukiza fito kwenye simtanki na kuweka alama. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka vidole vitatu. Ukuta wa bafu ulikuwa mzima, rangi haijavimba wala kubabuka, sakafu kavu. Mzee akaomba rangi ya chakula, ile ninayotilia keki za Idi. Akamimina matone kwenye tangi la choo cha wapangaji na kukataza mtu asivute maji kwa nusu saa. Tuliporudi, maji ya bakuli la choo yalikuwa mekundu. Mpira wa chini ya tangi ulikuwa umekakamaa na kupinda, na maji yalikuwa yakiteleza mchana na usiku bila sauti, moja kwa moja shimoni. Ndiyo maana mwaka ule niliita gari la majitaka kabla ya wakati wake, nikalaumu wingi wa watu. Maji yale nilikuwa nayalipia kuingia na kutoka.

Mpira mpya uliwekwa kwa dakika kumi.

Jioni nikaitisha kikao tena, watu wale wale, kibaraza kile kile, kwa sababu neno lililosemwa mbele ya watu lirudishwe mbele ya watu. Niliweka mezani ile elbo iliyooza na ule mpira wa choo. Nikamwambia mpangaji wangu, "Dada, nilikukosea. Maji hukuyamaliza wewe." Ziada aliyokuwa amechangia nikamrudishia mkononi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kilichoniuma ni watoto kusikia." Binti yake wa darasa la tano alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwita, nikamwomba radhi na yeye.

Bili ya Oktoba ilikuja uniti 26. Kufikia hapo binti yule alikuwa ameshajua kuisoma mita kuliko mimi. Jumamosi moja kila mwezi tunafunga koki saa 5 usiku, anaandika tarakimu kwa chaki ukutani, nyeusi na nyekundu, na alfajiri anakwenda tena na tochi. Mara ya mwisho alirudi dirishani kwangu kabla ya adhana.

"Bibi," akaniita kwa sauti ndogo, "nyota imelala."