Lubumbashi: Baridi ya mwezi wa saba yawasumbua wanaopika kwa gazi Kamalondo

Katika mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi hushuka mpaka digrii 7 au 8. Mji uko juu, kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na wakati huu wa kiangazi mbingu hazina wingu la kuzuia joto lisipotee. Katika komine ya Kamalondo, akina mama wanaouza chai na vitumbua huamka kabla jua halijatoka, wakiwa wamejifunga vitenge viwili na sweta juu. Wale walioacha makala na kununua chupa ndogo ya gazi wanajua kinachofuata: moto unawaka vizuri mwanzoni, lakini baada ya nusu saa unalegea, mafuta yanapoa na vitumbua vinakunywa mafuta badala ya kuiva.

Hapo wengi hudhani wameibiwa. Chupa ikitikiswa, inasikika bado kuna kitu kinacheza ndani. Basi muuzaji wa gazi anatajwa kuwa mwizi, na siku hiyo hiyo mbabula inarudishwa kazini.

Wizi wa kipimo upo, hakuna atakayebisha. Lakini asubuhi ya baridi, chupa inaweza kugoma hata kama ilijazwa kwa haki. Kilicho ndani ya chupa si hewa, ni maji ya gazi. Ili yawake, ni lazima kwanza yageuke kuwa mvuke, na ili yageuke yanahitaji joto. Joto hilo yanalichota kwenye chuma cha chupa na kwenye hewa inayoizunguka. Ndiyo maana chupa iliyotumika kwa muda mrefu huwa baridi ukiigusa, na mara nyingine hutoa jasho au hata barafu nyembamba upande wa chini. Kama hewa yenyewe ni ya digrii 7, chupa ina mahali padogo pa kuchota. Inaendelea kupoa, na nguvu ya gazi inaendelea kushuka.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi: gazi si moja. Propani huchemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Katanga haiitishi hata kidogo. Butani huchemka karibu na sifuri kabisa, nusu digrii chini yake. Kwa urefu wa Lubumbashi, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, kiwango hicho kinashuka mpaka karibu digrii 4 chini ya sifuri, na huo ni msaada mdogo ambao mji unapewa bure. Chupa yenye mchanganyiko hutoa propani nyingi kwanza. Inayobaki mwishoni ni butani zaidi, tena kidogo, inayogusa sehemu ndogo tu ya chuma. Hicho ndicho kile kinachocheza ndani chupa inapotikiswa.

Kamalondo ni komine ndogo kuliko zote za Lubumbashi, na ni kati ya zile za zamani. Nje inajulikana zaidi kwa uwanja wa TP Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011. Parseli zake zimejaa: nyumba za kupanga zinagusana, na jiko mara nyingi ni kona ya ua chini ya bati. Umeme wa SNEL upo kwenye nyaya, lakini delestaji inaweza kuukata wakati wowote, na anayeuza chakula hawezi kutegemea resho. Kwa hiyo kilichobaki ni makala au gazi. Makala yanatoka kwenye misitu ya miombo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameonyesha kwa miaka mingi jinsi misitu hiyo inavyozidi kurudi nyuma kuzunguka mji. Baiskeli zinazobeba magunia zinatoka mbali zaidi kuliko zamani, na mnunuzi ndiye anayelipa kila kilomita.

Gazi ina faida yake. Kilo moja inabeba nguvu kama mara moja na nusu ya kilo ya makala, na sehemu kubwa ya moto wake inafika kwenye sufuria, wakati mbabula inapoteza sehemu kubwa pembeni. Lakini gunia la makala linaweza kununuliwa kwa mafungu madogo, kila siku kwa pesa ya siku hiyo. Chupa inadai pesa yote kwa mara moja. Mama akishaitoa, halafu chupa ikazima ikiwa na robo ndani, hasara hiyo ni mtaji wa wiki.

Tofauti kubwa iko kwenye aina ya jiko. Jiko linalopendwa kwa sababu ya bei ni lile linalofungwa moja kwa moja juu ya chupa: kichwa cha moto juu, chupa chini, sufuria inakaa kileleni. Jiko la pili liko mbali na chupa, na vitu hivyo viwili vinaunganishwa kwa mpira na detanderi, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gazi kabla haijafika kwenye moto.

Asubuhi ya upepo, mwenye jiko la kwanza huzungushia bati au karatoni ili moto usipeperushwe. Moto unatulia kweli, lakini joto lote linafungiwa pamoja na chupa. Chupa iliyokuwa baridi mno sasa inapata moto mno, nguvu ndani inapanda, na hakuna anayeiona. Kwa jiko lenye mpira, bati linaweza kuzungushwa kwenye moto peke yake, chupa ikiwa pembeni. Sufuria pia inakaa chini, haiyumbi. Kwa anayekaanga katika ua ambamo watoto wanapita, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuongeza pesa.

Watu wanaopanda milima walifika kwenye jibu hilo hilo. Kwenye Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, kuni haziruhusiwi, na chakula cha wapandaji kinapikwa kwa majiko yanayobebwa mgongoni. Kwa sehemu za baridi kali kuna majiko madogo yenye mpira ambayo kikopo chake hugeuzwa juu chini. Gazi inatoka ikiwa bado maji, inapita kwenye kibomba kilicho karibu na moto, na hapo ndipo inapogeuka mvuke. Baridi ya kikopo inakuwa haina nguvu tena.

Lakini ujanja huo ni wa majiko yaliyotengenezwa hivyo tu. Chupa ya nyumbani ikilazwa au kugeuzwa, maji ya gazi yanaingia kwenye detanderi na mpira, na moto unaweza kuruka ghafla mpaka kwenye bati la paa. Vilevile kuisogeza chupa karibu na mbabula ili ipate joto ni kucheza na kifo. Kinachokubalika ni kuilaza ndani chupa usiku ikiwa imefungwa kabisa, mahali penye hewa, au kuiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Maji ya moto hapana. Na mpira upakwe povu la sabuni mara kwa mara. Panapotokea mapovu, gazi inavuja. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa kwenye kona.

Wengine huuliza kwa nini nchi yenye gazi nyingi ndani ya ziwa Kivu inunue ya nje. Ile ya Kivu ni metani. Haigeuki maji kwa kubanwa tu, kwa hiyo haiwezi kujazwa kwenye chupa kama hizi. Rwanda inaitumia kuzalisha umeme.

Hatari kubwa ya baridi hii, hata hivyo, haitoki kwenye gazi. Jioni, mbabula yenye makala mekundu huingizwa chumbani ili watoto walale kwenye joto, na mlango unafungwa. Makala yasiyo na moshi bado yanatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Anayeivuta anasikia kichwa kizito na usingizi, basi. Jiko la gazi kwenye chumba kilichofungwa nalo linaweza kufanya hivyo hivyo.

Kuanzia mwezi wa nane joto hurudi, na mwezi wa kumi ndio wa joto kali kuliko yote Lubumbashi. Chupa hazigomi tena asubuhi. Wakati huo zinatakiwa kutolewa juani.