Ndege Waliochongwa katika Shaba

Mtu akitazama kikombe cha fedha chenye nakshi za majani na ndege, humsifu sonara aliyekitengeneza. Lakini katika Ulaya, tangu karne ya 15, sonara mara nyingi alipata mfano wa nakshi zake katika kipande cha karatasi.

Mmoja wa mafundi mashuhuri waliochapa mifano hiyo alikuwa Martin Schongauer wa mji wa Colmar, ambao leo umo katika Ufaransa. Baba yake alikuwa sonara, hivyo kuchonga madini hakukuwa jambo geni nyumbani kwao.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Fundi alichukua bamba la shaba laini, akakata mistari kwa chuma chenye ncha kali. Kisha alilipaka wino, akalipangusa mpaka wino ukabaki ndani ya mistari tu. Juu yake aliweka karatasi yenye unyevu, akavikandamiza vyote pamoja, na picha ikatokea. Bamba moja liliweza kutoa picha nyingi.

Katika picha moja ya Schongauer, bundi ameketi kati ya majani yaliyojipinda, na ndege wa mchana wanamdhihaki. Huo si uzushi, maana ndege wadogo wakimwona bundi mchana humzunguka kwa makelele. Katika nyingine yumo kasuku pamoja na ndege wengine. Kwa karatasi kama hizo, fundi wa mji wa mbali aliweza kujifunza bila kusafiri.

Walakini, kilicho rahisi kuenea ni rahisi pia kuibwa. Israhel van Meckenem, sonara wa Bocholt katika Ujerumani, aliiga picha nyingi za Schongauer akazitia jina lake mwenyewe. Baadaye, mwaka 1511, Albrecht Dürer wa Nuremberg alichapa onyo kali kwa wezi wa jasho la wenzao, akitaja amri ya Kaisari Maximilian.

Dürer huyo alikwenda Colmar mwaka 1492 ili amwone Schongauer, akakuta amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Lakini alama yake, yaani herufi M na S zenye msalaba katikati, ingali inasomeka katika picha zake zilizohifadhiwa London na kwingineko. Kizuri chajiuza, lakini si vibaya kikiwa na jina la mwenyewe.