Nani Yule Kiooni? Utangulizi wa Utafiti wa Kujitambua kwa Wanyama

Anayeingia katika uwanja huu hukutana na kioo kabla ya kukutana na nadharia yoyote, nami naona ni vizuri iwe hivyo. Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Gallup, alichapisha makala fupi katika jarida la Science. Alikuwa amewaweka sokwe wanne, wadogo bado na waliozaliwa mwituni, kila mmoja peke yake na kioo kwa siku 10. Mwanzoni kila sokwe alimwona mle ndani mgeni: akamtisha, akampigia kelele, akamrukia. Baada ya siku mbili tatu ugomvi ukapoa na kioo kikaanza kutumika. Sokwe akawa anachokonoa mabaki ya chakula katika meno, anakagua sehemu za mwili ambazo kwa kawaida hawezi kuziona, anapuliza mapovu ya mate na kukunja uso huku akijitazama.

Gallup hakutaka kutegemea macho yake tu. Aliwapa sokwe hao dawa ya usingizi, akawapaka rangi nyekundu isiyo na harufu wala muwasho juu ya jicho moja na kwenye ncha ya sikio la upande wa pili. Walipozinduka, kioo hakipo, madoa hayakuwashughulisha. Kioo kiliporudishwa, mikono ikaenda usoni. Baadhi walivitazama na kuvinusa vidole vilivyogusa rangi. Sokwe wengine, waliopakwa rangi ileile lakini hawajawahi kuishi na kioo, hawakufanya lolote la namna hiyo. Na makaku, jamaa wa Asia wa kima na nyani wetu, waliendelea kumwona mgeni mpaka mwisho.

Sokwe hao wa ulinganisho ndio kiini cha jaribio. Bila wao tungeweza kusema kwamba rangi iliwasha, au kwamba sokwe hujigusa uso kila mara. Mwanafunzi anayejifunza kumtafuta mnyama wa ulinganisho katika kila makala atakuwa amekwisha kupata nusu ya elimu hii.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Sokwe akigusa doa lake, tumejua nini hasa? Gallup alisema anayo dhana ya nafsi yake: anajua kwamba yeye yupo. Wengine, akiwamo Daniel Povinelli, wamekuwa waangalifu zaidi: huenda sokwe anajua tu kwamba mwili ule wa kiooni unasogea kila wake unaposogea, bila kuwa na wazo lolote kuhusu maisha yake ya jana au ya kesho. Mimi naegemea upande wa waangalifu, ingawa nakiri kwamba kumtazama sokwe akijichokonoa meno mbele ya kioo humpa hata mwangalifu kigugumizi.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi jibu linavyobadilika pale anayeuliza anapobadili namna ya kuuliza. Tembo ni mfano mzuri. Mwaka 1989 Povinelli alichapisha matokeo ya tembo wawili wa Asia waliojaribiwa kwa kioo kilichowekwa nje ya kizuizi chao. Walishindwa. Mwaka 2006 Joshua Plotnik, Frans de Waal na Diana Reiss walirudia swali hilo katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, safari hii kwa kioo kikubwa na imara ambacho tembo waliweza kukifikia, kukigusa na kuchungulia nyuma yake. Walikuwa tembo jike watatu: Happy, Maxine na Patty. Maxine alionekana akilivuta sikio lake kwa mkonga mbele ya kioo. Happy alichorwa alama nyeupe ya X upande mmoja wa kichwa, na upande wa pili alama nyingine isiyoonekana. Aliigusa ile inayoonekana, tena na tena. Wenzake wawili hawakuzigusa alama zao. Je, hawakujitambua? Tembo hujimwagia vumbi na tope kila siku ya maisha yake. Doa moja la ziada lina habari gani kwake?

Jaribio la kioo basi linadai mambo mawili kwa mpigo: mnyama ajione, na pia ajali. La pili husahaulika mara kwa mara, na ushahidi mzito wa kusahaulika kwake umetoka kwa binadamu. Tangu utafiti wa Beulah Amsterdam wa mwaka 1972 vitabu vimeandika kwamba mtoto huigusa alama iliyo usoni mwake akiwa na umri wa kati ya miezi 18 na 24. Mwaka 2011 Tanya Broesch na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 82 wa Kenya, wenye umri wa miezi 18 hadi 72, waliobandikwa kwa siri karatasi ndogo usoni kisha wakaonyeshwa kioo. Waliojigusa au kuibandua walikuwa wawili tu. Wengi waliganda, wakijitazama bila kusogea.

Hakuna mtafiti aliyethubutu kusema kwamba mtoto wa miaka sita hajijui. Wenyewe walilielekeza jambo hilo kwenye malezi, na aliyelelewa upande huu wa dunia haoni ajabu: mtoto aliye mbele ya mtu mzima asiyemzoea, akijikuta na kitu ambacho hakukiweka yeye, husubiri aambiwe. Lakini kama tunamtendea haki mtoto huyu kwa kusema kwamba kasoro iko katika jaribio, kwa nini gorila, mbwa au kima akishindwa tunasema kasoro iko kwake? Gorila, kwa mfano, huuchukulia mkazo wa macho kama uchokozi, na hukwepa kutazamana. Kumweka mbele ya kioo ni kumtaka atende asichopenda.

Mkanganyiko huo umezidi tangu kioo kilipofikishwa kwa wanyama walio mbali nasi kinasaba. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba magpai wawili kati ya watano, ndege wa ukoo wa kunguru, walijaribu kuondoa alama ya rangi iliyobandikwa chini ya mdomo. Iliyokuwa nyeusi, isiyoonekana juu ya manyoya meusi, hawakuishughulikia. Jaribio liliporudiwa Uhispania, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, halikuzaa ushahidi huo. Mwaka 2019 Masanori Kohda wa Osaka na wenzake wakaleta samaki: yule msafishaji mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, anayekula vimelea kwenye miili ya samaki wakubwa, na ambaye hupatikana katika matumbawe ya pwani yetu pia. Watatu kati ya wanne, walipoona kiooni alama ya kahawia chini ya koo, walikwenda kujikwangua. Gallup hakukubali, alisema samaki huyo ameumbwa kushughulikia chochote kinachofanana na kimelea. Kundi la Kohda likarudi mwaka 2023 na picha: samaki waliokwisha kukizoea kioo walizishambulia picha za samaki wageni, za kwao wakaziacha. Mjadala haujafungwa, na usiamini kitabu chochote kinachokuambia umefungwa.

Wengine wamekiacha kioo kabisa. Alexandra Horowitz aliwapa mbwa harufu ya mkojo wao wenyewe na ile ile iliyochanganywa na harufu nyingine. Waliinusa kwa muda mrefu zaidi iliyobadilishwa. Na mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walichapisha uchambuzi wa milio 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu, wakionyesha kwamba tembo huitana kwa milio inayomlenga mmoja mahususi. Walipowapigia tembo 17 rekodi hizo, walisogea na kuitika upesi zaidi waliposikia mlio uliokuwa umeelekezwa kwao.

Sokwe wa Gombe wamefuatiliwa tangu mwaka 1960, wa Mahale tangu mwaka 1965, tembo wa Amboseli tangu mwaka 1972, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kila siku imefanywa na wasaidizi wa utafiti wa vijiji vya jirani, wanaomtambua kila mnyama kwa sura. Maswali, hata hivyo, yametungwa zaidi na watu wa mbali, wengi wao wakiwa wamezoea kuanza siku mbele ya kioo. Wewe unayesoma, ukitaka kuchangia, chagua mnyama mmoja unayeweza kumwona mara kwa mara, umtazame vya kutosha kujua anautegemea mlango gani wa fahamu kuliko mingine, ndipo uanze kutunga jaribio lako.