Kabla mtoto hajaambiwa Sumbawanga ni uchawi, mpeleke akaone malungu

Wiki yangu ya kwanza chuo kikuu, mhadhiri alituomba tujitambulishe: jina na mkoa unakotoka. Nilipotaja Sumbawanga, nusu ya darasa ilicheka. Aliyekaa jirani yangu alisogeza kiti. Mwingine akauliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo.

Nilicheka nao. Ukiwa mgeni unafanya nini? Lakini usiku nilijiuliza: kama ningetakiwa kuwaeleza jambo jingine kuhusu kwetu, ningesema nini? Nilijua tuna baridi, mahindi na maharage. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu mkononi.

Jibu nilikuja kulipata miaka kadhaa baadaye, nikiwa kazini, tena nikifuatilia habari isiyohusiana kabisa na historia.

Mnara nyuma ya kliniki

Nilikwenda kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa kuandika kuhusu siku ya kliniki ya watoto. Wakati kina mama wakisubiri kupima uzito, niliona mnara wa udongo katikati ya shamba la jirani. Ulikuwa mrefu kuliko mtu mzima, mpana chini na mwembamba juu, na kuzunguka kitako chake kulikuwa na matundu kama milango midogo. Nikadhani ni kichuguu kikubwa.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanisahihisha. Ni ilungu, alisema, la wazee waliokuwa wakitengeneza chuma. Shamba lilikuwa la ukoo wa mumewe. Kila mwaka kabla ya kuchoma nyasi za shamba yeye hufyeka kuzunguka mnara ule ili moto usiufikie. Nilipomuuliza nani amemtuma, alijibu kuwa alimkuta mama mkwe akifanya hivyo.

Watoto wa darasa la nne waliokuwa wakipita na madumu ya maji nao niliwauliza. Mmoja alisema ni nyumba ya mizimu. Mwingine akasema ni la Wajerumani.

Pale ndipo nilipoona tatizo. Mnara umesimama, anayeutunza yupo, lakini maelezo yake hayajawafikia watoto wanaoupita kila siku.

Malungu yalifanya kazi gani?

Ilungu (wingi wake malungu) ni tanuri la kuyeyushia mawe yenye chuma. Wafipa walilijenga kwa udongo, mara nyingi wa kichuguu, hadi kufikia kimo cha mita tatu hivi. Ndani walipanga mkaa na mawe ya chuma, na kwenye matundu ya chini waliweka mirija ya udongo ya kupitishia hewa.

Cha kushangaza ni kwamba tanuri hili halikuhitaji mivukuto. Mwanao akikuuliza liliwakaje, mweleze hivi: hewa ya moto hupanda juu, na ikipanda huvuta hewa baridi iingie kupitia matundu ya chini. Urefu wa mnara ndio uliofanya kazi ya kupuliza. Ni kanuni ileile inayofanya bomba la moshi la jiko livute.

Chuma kilichotoka hapo kilikuwa bado na uchafu mwingi. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo linaloitwa kintengwe, ambalo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akakigonga kuwa jembe, shoka au mkuki. Yale mawe meusi mazito yanayong'aa, ambayo watoto huyaokota shambani, ni mabaki ya kazi hiyo. Huitwa mavi ya chuma.

Kwa ukurasa huu wa familia, kuna jambo jingine la kujua. Wahunzi wa Ufipa waliliona tanuri kama bibi harusi, na chuma kilichotoka ndani yake kama mtoto anayezaliwa. Kazi ilikuwa na dawa zake na miiko yake, ukiwamo wa mafundi kutolala na wake zao wakati wa kuyeyusha. Leo unaweza usiamini dawa zile. Lakini inaonesha jamii iliyotumia lugha ya uzazi, yenye hatari na matumaini yake, kuelezea kazi ngumu kuliko zote iliyozifahamu.

Haya si masimulizi ya jioni pekee. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya uyeyushaji chuma Ufipa. Mtaalamu wa mambo ya kale wa Tanzania, Profesa Bertram Mapunda, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa nchi, na mwaka 2010 akatoa kitabu kuhusu ufuaji wa Wafipa. Watu wamevuka bahari kuja kusoma minara ambayo sisi tunaipita tukienda mnadani.

Kazi yenyewe ilififia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipojaa madukani. Waliowahi kuyeyusha kwa mikono yao hawapo tena. Waliobaki ni wajukuu waliosimuliwa, nao sasa ni wazee.

Kwa nini yanaanguka

Udongo haudumu bila mtu. Mvua za Ufipa, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili, huukwangua ukuta kidogo kidogo. Mti ukiota pembeni, mizizi huupasua. Mbuzi hupanda. Jembe la ng'ombe hupita karibu zaidi kila msimu. Wapo pia wanaochimba chini wakitafuta mali walizoambiwa zilifichwa na Wajerumani. Hawapati kitu, na mnara unalala.

Wengi tunadhani serikali inalinda kila kitu cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo kinahitaji kutangazwa na waziri ndipo kipate ulinzi huo. Ufuaji wa chuma Ufipa uliendelea hadi karne ya 20, hivyo ilungu lililo shambani kwako linaweza kuwa changa mno kwa tarehe hiyo, ingawa ni zee kuliko mtu yeyote kijijini.

Kwa maneno mengine, kwa sehemu kubwa ya minara hii mlinzi wa kwanza ni yule mama mwenye fyekeo.

Jirani mmoja hatoshi

Mama yule akihama au akiugua, nani atafyeka? Hapa ndipo ujirani unapoingia.

Tanzania haina upungufu wa vikundi. Kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana, vikoba, kwaya, umoja wa wazazi wa shule. Vinakutana, vina daftari, vina mweka hazina anayeogopwa. Kinachohitajika ni kuongeza ajenda moja.

Wasukuma wametuonesha inawezekana. Bujora, eneo la Kisesa nje kidogo ya Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma ambayo mizizi yake ni juhudi za Padri David Clement pamoja na wazee na wacheza ngoma wa pale, kuanzia miaka ya 1950. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, hufanyika Bulabo, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mbele ya umati. Watu huja kwa ajili ya ngoma, na wakiwa pale wanaona vitu vya mababu. Sherehe ndiyo inayoyafanya makumbusho yabaki na watu.

Ufipa inaweza kufanya ya kwake kwa kiwango kidogo: siku moja ya kiangazi, Juni au Julai, mavuno yakiwa ndani na watoto wakiwa likizo. Asubuhi watu wafyeke kuzunguka ilungu. Mchana wazee wasimulie, watoto wacheze, chakula kipikwe. Sufuria ni zilezile za msibani.

Mambo matano ambayo mzazi anaweza kuanza nayo

1. Rekodi sauti ya mzee. Simu unayosomea makala haya inatosha. Omba ruhusa kwanza, kisha uliza maswali mafupi: nani alijenga, mawe yalitoka wapi, kila sehemu inaitwaje kwa Kifipa. Mtoto aulize mwenyewe. Babu atamjibu mjukuu mambo ambayo wewe hatakwambia.

2. Peleka jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Omba eneo la ilungu litengwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo ya kuzuia kulima au kuchimba karibu nalo. Mwenye shamba ashirikishwe tangu mwanzo, maana bila yeye hamtafika mbali.

3. Mwone ofisa utamaduni wa halmashauri. Mpelekee picha na mahali lilipo. Lisiloandikwa popote haliwezi kutangazwa.

4. Msilikarabati kwa saruji. Nia ni njema, lakini saruji huziba unyevu ndani ya udongo na ukuta huoza. Fyekeni, ng'oeni miche ingali midogo, wekeni uzio wa miti kwa mbali. Mengine waachieni wataalamu.

5. Ongea na mwalimu. Ilungu moja linatosha kufundisha sayansi ya hewa na joto, historia na stadi za kazi kwa siku moja, bila nauli ya kwenda mjini.

Usalama kwanza

Siwezi kumaliza bila kuzungumzia afya, ndiyo kazi yangu.

Mtoto asipande wala kuingia ndani ya ilungu. Ukuta wa zaidi ya miaka mia hauwezi kubeba uzito wake. Kabla ya kusogea, mtu mzima akague matundu: nyuki na nyoka hupenda kukaa humo. Avae viatu vya kufunika, si kandambili, kwa sababu mavi ya chuma yana ncha kali kama chupa.

Akijikata, osha jeraha kwa maji mengi safi yanayotiririka na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya, hasa kama jeraha ni la kina au limeingia udongo. Usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe, hivyo ndivyo vimelea vya pepopunda vinavyopata njia. Kinga ya pepopunda imo katika chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, 10 na 14. Angalia kadi yake. Kama kuna iliyorukwa, uliza kliniki.

Mwisho, Juni na Julai Ufipa ni baridi kweli, hasa asubuhi. Sweta kwa mtoto, blanketi kwa bibi.

Mpwa wangu na jiwe lake

Likizo iliyopita nilimchukua mpwa wangu wa miaka tisa, anayesoma mbali na Rukwa, nikamrudisha kwenye kijiji kile. Tulimsalimia mama wa shamba, akatupa fyekeo la pili, tukafanya kazi kama saa moja. Mpwa wangu alihesabu matundu mara tatu na kila mara akapata idadi tofauti. Aliomba abebe kipande cha mavi ya chuma. Mama akamkatalia kwa upole: acha hapa, na mwenzako akute. Badala yake nikampiga picha amelishika.

Shule zilipofunguliwa, dada yangu alinipigia. Darasani walikuwa wakitaja wanakotoka, na mwanafunzi mmoja akasema ile kauli ya uchawi. Mpwa wangu akamwambia kuwa hata jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, kisha akaanza kueleza jinsi hewa inavyoingia chini na kutoka juu. Mwalimu alimwita mbele achore ubaoni.

Dada alitaka kujua kama tutakwenda tena mwaka huu. Nimemwambia Juni, na aje na fyekeo lake.