DARUBINI MPYA HUDANGANYA

Mwenye duka akinunua mizani mpya huijaribu kwanza. Mizani isiyojaribiwa huweza kumpunja yeye au mteja. Darubini ya bunduki nayo ni hivyo hivyo.

Hapa tunazungumzia bunduki za mchezo. Mchezo huu ulianza Japani katika miaka ya 1970. Huko sheria inawabana sana wananchi kumiliki bunduki za kweli. Bunduki hizi hazina baruti. Hurusha gololi za plastiki kwa nguvu ya hewa au gesi. Gololi moja ina upana wa milimita 6, na nyingi zina uzito wa gramu 0.2 tu. Leo zinachezewa katika nchi nyingi.

Kinga macho kwanza

Usiseme, "Aa, ni plastiki tu." Gololi ikimpiga mtu jichoni huweza kumpofusha. Mwaka 2006 Japani ilirekebisha sheria yake ili kuzuia bunduki za namna hii zenye nguvu nyingi mno. Kwa hiyo kila aliye karibu avae miwani ya kukinga macho, hata yule anayetazama tu.

Kwa nini gololi inakosa?

Darubini inafungwa juu ya mtutu. Jicho linapita njia ya juu, gololi inapita njia ya chini. Njia hizi mbili hazikutani zenyewe. Lazima mtu azikutanishe mahali anapotaka kupiga. Kazi yenyewe ni hii:

1. Kaza vizuri vifungo vya darubini. Ikitikisika, unajisumbua bure.

2. Weka karatasi yenye alama katikati, umbali wa mita 20. Nyuma yake tundika blanketi kuukuu. Usiweke mbele ya ukuta wa saruji, maana gololi itarudi kwako.

3. Ndani ya bunduki nyingi kuna kipande cha mpira. Mpira huu huikwaruza gololi kwa juu, nayo huzunguka kinyumenyume na kwenda mbali. Ukibana mno, gololi hupanda juu. Ukilegeza mno, huanguka mapema. Rekebisha mpira huu kwanza, mpaka gololi iende moja kwa moja.

4. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Lenga alama, piga gololi 5. Usibadilishe mahali unapolenga, hata ukiona unakosa.

5. Tazama matundu yote 5, utafute katikati yake. Tundu moja si ushahidi.

6. Darubini ina skrubu mbili. Ya juu hupeleka gololi juu au chini. Ya pembeni huipeleka kulia au kushoto. Kwenye darubini nyingi mshale huonyesha gololi itakwenda upande gani. Kama matundu yako chini, zungusha kuelekea juu. Zungusha kidogo, kisha piga 5 nyingine. Endelea hivyo mpaka matundu yaizunguke alama.

Matundu yakitawanyika

Sasa, kama moja liko juu, jingine kushoto, jingine chini, usiguse skrubu! Darubini haina kosa hapo. Pengine upepo unavuma, maana gololi ni nyepesi. Pengine mtutu ni mchafu, au umechanganya gololi za uzito tofauti. Pengine mkono wako unatetemeka. Ondoa sababu hiyo kwanza. Mtu anayezungusha skrubu kila anapokosa hatafika popote.

Jambo la mwisho

Usitumie darubini ya bunduki kumtazama mtu aliye mbali. Unapomtazama, mtutu nao unamwelekea. Tena bunduki hizi zinafanana sana na za kweli. Ukitembea nayo wazi njiani utawatisha watu, na askari hawezi kujua kuwa ni ya mchezo. Ndugu akikuletea moja kutoka ng'ambo, ulizia kwanza kituo cha polisi kama inaruhusiwa. Na watoto wasiiguse bila mtu mzima.